Dalali Aliyesema "Tena"

Viatu vya Mama Funguo huisha visigino kwanza. Fundi viatu wa kona amemzoea. Akimwona kwa mbali huanza kutafuta kipande cha raba kabla hata hawajasalimiana.

"Dada, wewe unatembea au unagombana na ardhi?"

"Ngazi, fundi. Hizi ngazi zitanizika."

Huvua viatu, huweka miguu juu ya gazeti la jana, na kwa dakika kumi au kumi na tano hakuna mtu anayemwuliza nyumba ina vyumba vingapi. Hayo ndiyo mapumziko yake. Akishavaa hushika mkoba, na mkoba unalia.

Unalia kwa sababu umejaa funguo, na ndiyo asili ya jina lake. Kila ufunguo umefungiwa kipande cha kitambaa, masalio ya duka la vitambaa alikofanya kazi ujana wake wote mpaka lilipofungwa. Kitambaa cha maua mekundu ni chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha sabuni. Cha mistari ya buluu ni ghorofa ya marehemu mhasibu, ambayo watoto wake wanne hawajakubaliana kuiuza wala kutoiuza. Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili wa udalali wa nyumba, na hajawahi kumiliki mlango hata mmoja. Yeye na mdogo wake, msusi, wamepanga vyumba viwili juu ya duka la rangi, na nguo zao zote zinanuka rangi.

Watu hudhani udalali ni mdomo. Mama Funguo husema ni tumbo. Mtu anayeuza nyumba humwambia dalali mambo ambayo hajamwambia hata ndugu yake wa damu: kwamba mke ameshaondoka, kwamba akikaa humo mwaka mmoja zaidi atapata wazimu, kwamba mtoto alifia kwenye chumba kile cha mwisho. Yote hayo dalali anayameza, kisha anapanda ngazi na mnunuzi akitabasamu, akieleza habari za madirisha.

Kwa hiyo siku ya kwanza huwa na maneno yake. Kwa mwenye nyumba husema: "Mimi ni wako. Atakachotaja mtu yeyote, kikubwa au kidogo, nitakuletea kama kilivyo. Na bei yako ya mwisho ukinitajia, nitakufa nayo." Kwa mnunuzi husema: "Mimi si wako, tusidanganyane. Nyumba ikiwa na ubovu nitakuonyesha kwa kidole. Lakini ya mwenye nyumba usinichimbe, sitakuambia." Wanunuzi hucheka. Siku ya tatu utawasikia wakimwita dalali wetu, na inabidi aanze upya.

Mwaka huu miguu ilikuwa inavimba kuanzia saa tano asubuhi. Daktari alimshauri apumzike. Akamwuliza daktari kama anamfahamu mtu yeyote anayelipwa kwa kupumzika, wakacheka wote wawili, na yeye akaondoka na vidonge vya kupunguza maji mwilini.

Katika hali hiyo ndipo alipopewa ufunguo aliouwekea kitambaa cheupe.

Mwenye ufunguo alikuwa mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Nesi. Mumewe alikuwa fundi saa. Maisha yake yote ameyapitisha akiwa ameinama juu ya vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Wameishi ghorofa ya tatu miaka thelathini na moja. Siku hiyo Nesi alifunga mlango wa chumbani, akaketi karibu sana na Mama Funguo, akaongea kama anayempa mgonjwa majibu ya vipimo.

"Mzee anasahau. Alianza na majina. Sasa anasahau ghorofa. Anashuka kununua gazeti, akirudi anagonga kwa watu wa ghorofa ya pili, anawauliza wanafanya nini nyumbani kwake. Ni watu wavumilivu, Mungu awabariki. Lakini mara mbili ameanguka kwenye ngazi, mwanangu. Mara ya pili alilala pale mpaka nilipotoka kumtafuta."

Binti yao aliishi upande wa pili wa mji. Jirani na binti huyo kulikuwa na nyumba ndogo ya chini, vyumba viwili, kizingiti sawa na barabara, inauzwa. Mwenyewe amekubali kuwangojea hadi mwisho wa mwezi. Ghorofa hii ikifika ile bei ya mwisho ambayo Nesi aliitaja kwa kunong'ona, wataweza kuichukua. Isipofika, watahamia sebuleni kwa binti, nyuma ya pazia, na wajukuu watatu wakisoma upande wa pili wa pazia hilo.

"Binti yangu ni mwema, simsemi vibaya," alisema Nesi. "Na mkwe wangu sina neno naye. Lakini mzee wangu siku hizi hulowesha shuka. Mbele yangu haoni haya. Mbele ya mkwe wake ataona, na hata akisahau kila kitu hilo hatalisahau. Nataka mlango wetu. Hata uwe mdogo. Niufunge, niwe naye humo ndani."

"Nimeelewa, mama."

"Na wasijue. Wakijua mzee anaumwa, na kwamba mwisho wa mwezi lazima tuhame, watatukamua kama nguo iliyofuliwa."

Mama Funguo alijipiga tumboni kwa kiganja. "Limeingia humu. Halitoki."

Wakapatana kwamba siku ya kuonyesha nyumba mzee apelekwe kwa binti mapema, na kiti chake cha kazi kifunikwe.

Wiki ya kwanza haikuleta mtu wa maana. Wiki ya pili akaja mwenye shule ya udereva, anayeitwa Mwalimu na kila mtu hadi mkewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wawili wanaolala chini ya bati linalovuja. Mama Funguo alimwonyesha bomba la chini ya sinki linalotoa machozi, na dirisha la bafuni ambalo lazima ulipige ngumi ndipo lifunge. Mwalimu akalipiga ngumi, likafunga, akafurahi kama mtoto. Jioni ile ile akataja bei. Ilikuwa chini ya ile Nesi aliyoitamani, lakini juu ya ile ya mwisho, juu kiasi cha mtu kupata na hela ya lori la kuhamia.

Kesho yake Mama Funguo alikuwa dukani wanakotoa nakala za karatasi akakutana na Bwana Kesho. Huyu ni dalali mwenzake, mrefu, mwenye suti moja ya kahawia, na hakuna kazi ambayo hakuahidi kuimaliza kesho.

"Dada mkubwa, nina mama mmoja anashona sare za shule. Anataka ghorofa ya juu, hapendi vumbi kwenye vitambaa vyake. Ile ya Nesi vipi?"

"Ile ina mtu."

"Ina mtu, au una mtu?"

"Nitakuambia kesho," alisema Mama Funguo, na mwenye duka akacheka mpaka akatoa nakala mbili za ziada.

Ukweli ni kwamba mnunuzi akiletwa na Bwana Kesho, udalali ungegawanywa kati yao. Na Mwalimu alikuwa ameshapatikana. Aliona hakuna haja ya kumsumbua Nesi kwa jambo hilo. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na miguu yake ikakubaliana naye.

Jumatano Mwalimu na mkewe walikuja mara ya pili. Mke alikuwa na futi ya kupimia mapazia. Wao wenyewe walikuwa wameshaanza kuongea habari za tarehe. Mama Funguo alikuwa ameshapanda majengo matatu tangu asubuhi, na katika jengo la tatu mtu aliyepaswa kuja hakuja. Alifika ghorofa ya tatu akiwa anavuta pumzi kwa kamba. Akagonga badala ya kutumia ufunguo, kwa adabu.

Nesi akafungua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

Na Mama Funguo, kabla hajafikiri, kabla hata hajasalimu, akasema:

"Jamani, pole mama! Kaanguka tena?"

Pole yenyewe ingepita. Pole anapewa aliyepiga chafya na aliyebeba kikapu. Angeitoa kwa mkono ule uliofungwa, angejibiwa nimeshapoa, wangeingia ndani. Lakini alisema kaanguka, si umeanguka, na aliyesimama mlangoni alikuwa mwanamke mmoja peke yake. Na alisema tena.

 Nesi alimtazama mara moja, akasogea pembeni, akawakaribisha. Mke wa Mwalimu akaenda moja kwa moja kwenye madirisha na futi yake. Mwalimu alibaki katikati ya sebule. Kazi ya mtu huyu ni kukaa pembeni ya dereva asiyejua na kusikiliza. Gia ikikwaruza kidogo tu, yeye ameshasikia. Akatazama kiti kilichofunikwa shuka. Akatazama mlango wa chumbani. Akauliza kwa upole kabisa:

"Mzee hajambo?"

"Hajambo," alisema Nesi.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alimwita ofisini kwake, kibanda cha vioo chenye picha za alama za barabarani ukutani. Nje wanafunzi wawili walikuwa wanajifunza kurudi nyuma kati ya matairi.

"Dada, nimefikiri," alisema. Kisha akataja bei mpya. Ilikuwa chini ya ile ya mwisho. Chini kabisa. "Na jibu nalitaka Jumamosi."

"Juzi juzi tu ulisema vingine, Mwalimu. Nyumba ni ile ile."

"Nyumba ni ile ile. Wenyewe ndio wana haraka. Mzee anaanguka kwenye ngazi, tena na tena. Watakaa mpaka lini?"

"Nani kakuambia?"

"Si wewe?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayemkumbusha mtu mahali alipoweka miwani yake. "Mimi sikukuuliza chochote. Ulituambia mwenyewe mlangoni."

 Mwalimu akavuta kiti karibu.

"Sikiliza, dada. Kampoze yule mama akubali. Atakupa chako, na mimi nitakupa changu, bila yeye kusumbuliwa na hesabu hizo. Ukawa dalali wetu sote. Ubaya uko wapi? Tazama gari zangu zile. Zina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu. Na zinakwenda."

"Ukikanyaga ya kwako, mwanafunzi anakwenda wapi?"

"Anasimama."

"Basi huyo mwanafunzi ndiye Nesi." Alinyanyuka, akishika meza kwanza. "Bei yako nitampelekea, kwa sababu ni lazima nimpelekee. Hiyo nyingine kaa nayo."

Ingekuwa vizuri kusema kwamba alitoka mle kifua mbele. Alitoka akichechemea, akakaa kwenye ukingo wa ukuta kituoni, akaacha mabasi matatu yapite.

Nyumbani mdogo wake alikuwa anamsuka mteja wa mwisho. Alipomwona dada yake alimaliza haraka, akamtoa mteja, akaleta beseni la maji ya chumvi. Mama Funguo akaingiza miguu humo, akaeleza yote.

"Sasa shida iko wapi?" alisema msusi. "Mwambie soko limeshuka. Si kila siku mnasema soko limeshuka?"

"Halijashuka."

"Yeye atajuaje? Mama wa watu anashinda na mgonjwa. Ukimwambia ni ulimi wako, atakunyang'anya ufunguo, atautangaza mtaa mzima. Nani atakupa nyumba aiuze? Utaenda kuuza vitambaa na miguu hiyo?"

"Alinishika mkono, unajua. Siku ya kwanza. Alinishika mkono kabisa."

"Wanashika wote," alisema mdogo mtu, akaenda kuzima jiko. Lakini aliporudi alichuchumaa, akamkanda dada yake vifundo vya miguu.

Ijumaa, saa nne, alipanda zile ngazi. Njia nzima alijipangia maneno. Mzee alikuwepo safari hii, amekaa dirishani, saa ya ukutani ameifungua mapajani na vigurudumu vyake vya meno amevipanga juu ya leso kwa ukubwa. Alimwitikia salamu vizuri sana, akamwuliza kama amekuja kuchukua saa yake.

"Bado haijawa tayari," alisema mzee. "Njoo wiki ijayo."

"Haya, baba."

Nesi alimkaribisha jikoni. Mama Funguo akataja bei mpya bila kuipamba. Nesi alishika ukingo wa sinki kwa mkono wake mzima.

"Amepunguza hivyo? Kwa nini?"

"Mama, siku hizi soko..." alisema Mama Funguo.

Na Nesi akamwamini pale pale. Huo ndio ulikuwa mzigo usiobebeka. Alitikisa kichwa taratibu, akavuta kigoda kwa mguu, akamsogezea.

"Kaa, mwanangu. Soko si kosa lako. Umepanda ngazi zote hizi kuja kuniambia mwenyewe, mwingine angepiga simu tu. Umevimba miguu, mbona hivyo? Unakunywa dawa? Ngoja nikupe maji."

Akageuka kufungua bomba. Mama Funguo aliutazama mgongo ule, na bendeji iliyoanza kulegea kwa sababu aliyeifunga alitumia mkono mmoja, akasema:

"Soko halijashuka, mama. Ni mimi."

Maji yaliendelea kumiminika kwenye glasi mpaka yakafurika.

"Jumatano mlangoni. Nilisema kaanguka tena. Mwalimu akaelewa. Ameniambia mwenyewe jana, waziwazi: kapunguza kwa sababu anajua mna haraka. Na anajua kutoka kwangu."

Nesi alifunga bomba. Hakugeuka mara moja.

"Nilikuomba nini?"

"Uliniomba nisiseme."

"Nilisikia uliposema. Nikajiambia, hawa si watu wa kuchunguza maneno, wamekuja kupima mapazia. Nikakutetea kichwani mwangu usiku kucha." Aligeuka. "Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na mitano. Najua nani ni mtoto wa nani katika mtaa huu. Nimekutana nao sokoni, baba huyu, mtoto yule, wanafanana na watu wengine kabisa, nimewasalimia wote. Nimechoka, nimekesha, nimesimama saa ishirini kwa miguu yangu. Sikuwahi kumuuliza mtu mlangoni kama baba ni yule yule tena."

"Najua, mama."

"Hujui. Weka ufunguo mezani."

Mama Funguo aliutafuta mkobani kwa muda mrefu, kwa sababu vitambaa vilikuwa vimeshikana. Akauweka. Ulikuwa wakati wa kuondoka, na miguu yake ilishaelekea mlangoni, lakini akabaki.

"Kuna jingine. Tangu wiki iliyopita kuna dalali mwenzangu ana mnunuzi, mama mshonaji, anatafuta ghorofa ya juu. Nilimwambia hapa pana mtu. Sikukuambia wewe, kwa sababu tungegawana udalali. Huyo mama hajui habari za mzee. Hajawahi kusikia neno. Chukua namba yake."

"Kumbe," alisema Nesi.

 Mama Funguo aliiandika namba nyuma ya kikaratasi cha dawa, akakiacha juu ya ufunguo. Alipopita sebuleni mzee aliinua kichwa, akamkumbusha: wiki ijayo.

Bwana Kesho aliimaliza kazi ile kwa siku tisa. Yeye mwenyewe alishangaa. Alizunguka mtaani na suti yake ya kahawia akiwaeleza watu kana kwamba ni habari ya ugonjwa uliompata. Mshonaji aliipenda ghorofa kwa sababu ya mwanga. Alivutana bei kama wanavyovutana watu wasiojua lolote kuhusu mwenzao, kwa haki, hadi pande zote mbili zikachoka. Ilipotua, ilitua juu kidogo ya ile ya mwisho. Ile hela ya lori haikuwemo.

"Dada mkubwa," Bwana Kesho alimwambia Mama Funguo dukani kwenye nakala, "chako nimekutengea. Mteja uliniachia wewe."

"Sikukuachia. Nilinyang'anywa."

"Kwa hiyo hutaki?"

"Nitakuambia kesho," alisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka, na hakumwambia.

Siku mbili baadaye simu yake iliita akiwa kwenye ngazi za watu wengine. Ilikuwa sauti ya Nesi.

"Kesho asubuhi naenda kuiona ile nyumba ya chini kabla sijaweka saini. Mwenye nyumba ana dalali wake. Mimi sina mtu."

Mama Funguo aliegemea ukuta. "Mama, una hakika unanitaka mimi?"

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema njoo uniangalizie mabomba. Saa tatu."

Alifika saa mbili na nusu. Dalali wa upande ule alikuwa mwanamke mwenye miwani na faili safi, mchangamfu, aliyeanza kuwaita wageni wake "familia yangu" kabla hawajavuka kizingiti. Mama Funguo hakumchangamkia wala hakumnunia. Alifungua kila bomba, akaliacha litiririke, akasikiliza. Akapanda kigoda kutazama dari. Akapiga kuta kwa vifundo vya vidole, chumba kwa chumba, huku Nesi akimfuata nyuma, kama walivyofuatana zamani wodini yeye na madaktari. Kwenye chumba cha nyuma akasimama mbele ya kabati.

"Hili tulisogeze."

"Aa, ni zito hilo, dada," alisema mwenye miwani. "Na litabaki, wameachiwa bure."

"Nyanyua upande huo, na mimi huu."

Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa na doa la unyevu lenye umbo la sufuria, rangi imebabuka. Mama Funguo aliweka kiganja, akakitoa kimelowa, akamwonyesha Nesi kiganja chenyewe.

"Bomba la bafuni linavuja ndani ya ukuta. Mkihamia hivi, mzee atakohoa kabla mwezi haujaisha. Usiweke saini mpaka walifungue walitengeneze, nawe uone kwa macho. Na iandikwe."

"Mimi sikuambiwa," alisema mwenye miwani, na uso wake ulionyesha kwamba hakuambiwa kweli.

"Nakuamini. Kamwulize mwenyewe, sisi tunangoja."

Wakangoja kwenye kizingiti, yeye na Nesi, bega kwa bega kwa sababu nafasi haikuwepo nyingine. Nesi akamwuliza kama anakunywa zile dawa asubuhi au jioni. Jioni, alisema. Ndiyo maana hulali, alisema Nesi, kunywa asubuhi. Hayo tu ndiyo waliyozungumza.

Ukuta ulibomolewa, bomba likafungwa upya, na saini ikawekwa siku moja kabla ya mwezi kwisha.

Walihama kwa gari la kuazima la mkwe, safari nne, kwa kuwa hela ya lori ndiyo hiyo haikuwemo. Mama Funguo alikwenda kuthibitisha kwamba kila ufunguo unafungua mlango wake. Ilikuwa sehemu ya kazi, na kazi hii alipewa yeye. Vitu vilijaa hadi madirishani. Binti alikuwa anafuta kabati, mkwe anafunga kitanda. Mzee aliletwa safari ya mwisho, saa yake ya ukutani ameikumbatia. Aliingia kwa hatua fupi, akatazama kuta, akatazama watu, kisha akamwendea Mama Funguo kama ndiye pekee anayeweza kufahamu.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Hapana, baba. Ni ninyi."

Mzee alimgeukia mkewe ili aamue.

"Ni sisi," alisema Nesi.

Alimketisha kwenye kiti, akamfungua vifungo vya koti. Alikuwa na sura ya mtu aliyebeba ngazi zote za lile jengo mgongoni akashuka nazo. Kisha akamwambia binti yake aache kufuta.

"Mama, nikupangie vyombo kwanza, utatafuta vijiko..."

"Nitavitafuta. Nendeni nyumbani. Nendeni wote."

Alisema bila ukali. Aliwasukuma kidogo kwa ule mkono uliopona, binti, mkwe, na Mama Funguo wa mwisho. Kwa Mama Funguo mkono ule ulikawia begani kidogo, au labda Nesi alikuwa anajishikiza tu, maana amechoka. Mlango ukafungwa. Wakasikia kitasa, kisha komeo.

Binti na mumewe walivuka barabara kwenda kwao. Mama Funguo alibaki pale nje, akingoja maumivu ya miguu yapungue kabla ya kwenda kituoni. Ndani, sauti ya mzee iliuliza kitu. Nesi akamjibu. Baada ya muda mfupi mzee akauliza lile lile, na Nesi akamjibu vile vile, polepole, bila mtu mwingine yeyote humo ndani wa kuwasikia.